Lenzi ya mkono, hadubini ya USB au programu ya simu: kipi kinatambua zana ya mawe?

Mtu akiokota jiwe lenye makali, mkono wa kwanza unakwenda mfukoni kutoa simu. Picha moja, sekunde chache, jibu: "Basalti." Pengine na asilimia pembeni ili lionekane la kisayansi. Jibu hilo linaweza kuwa sahihi kabisa na bado lisimfae kitu, kwa sababu hakuuliza ni mwamba gani. Aliuliza kama jiwe lilipigwa na mtu.

Hicho ndicho kipimo cha tathmini hii ya vifaa ambavyo waokotaji hushauriwa kununua, pamoja na huduma za kutambua mawe kwa picha. Kifaa kinachofaa ni kile kinachokuonyesha pigo: lilitua wapi, lilielekea upande gani, na mapigo mangapi yalifuata. Kinachotaja jina bila kuonyesha pigo ni pambo tu.

Kwanza, unatafuta nini

Mawe ya chembe laini, kama gumegume na basalti nzuri, au yasiyo na chembe kabisa, kama obsidiani (kioo cheusi cha volkano), hupasuka kwa mkunjo unaofanana na ndani ya ganda la kombe. Jiwe la kupigia likigonga karibu na ukingo, nguvu inaingia kwa umbo la pia na kibanzi kinaruka. Kibanzi hicho hubaki na ushahidi: kiuso kidogo palipopigwa, uvimbe chini yake upande wa ndani, mara nyingi na kovu dogo juu ya uvimbe huo, kisha mawimbi yanayotanuka kama ya maji yaliyotupiwa kokoto, na mistari myembamba kama nywele inayoelekea palipopigwa. Mgongoni yapo makovu ya vibanzi vilivyotangulia. Jiwe mama, yaani lile lililotolewa vibanzi, lina sura hiyohiyo kinyume: kishimo mahali pa uvimbe.

Alama moja haitoshi. Mawe yanayogongana mtoni hutoa kibanzi chenye uvimbe, na plau pia hutoa. Mwaka 2016 watafiti walieleza jinsi nyani wadogo aina ya kapuchini katika hifadhi ya Serra da Capivara, Brazili, wanavyogonganisha mawe na kuangusha vibanzi vikali vyenye alama zote hizo, bila kuvitumia kukatia chochote. Kisichotokea kirahisi bila mtu ni mpangilio: mapigo kadhaa kutoka ukingo mmoja, yakifuatana, kila moja likitumia kovu la mwenzake, na pembe ya ukingo ikiwa chini ya digrii 90.

Pembe hizo zina historia yake. Mwishoni mwa karne ya 19, Benjamin Harrison alikusanya huko Kent, Uingereza, mawe mengi yaliyomeguka ukingoni, na wasomi kadhaa wakayakubali kuwa zana za kale mno. Mabishano yalidumu miongo. Mwaka 1939 mtafiti aitwaye Barnes alipima pembe za makovu, akaonyesha kwamba katika mkusanyiko wa kazi ya binadamu makovu yenye pembe butu, digrii 90 au zaidi, hayazidi robo ya yote, huku mawe yaliyomeguliwa na mgandamizo wa ardhi yakiwa nayo mengi. Kumbuka ni mkusanyiko. Kipimo hicho hakihukumu jiwe moja moja, ingawa watu hukitumia hivyo kila siku.

Kwatzi iwekwe pembeni kabisa. Ina nyufa zake za ndani, hupasuka inavyotaka, na mara nyingi ilipondwa juu ya fuawe la jiwe badala ya kupigwa ukingoni. Kibanzi cha kwatzi kinaweza kukosa uvimbe, kikakosa mawimbi, na kikawa kazi ya mtu. Hakuna kifaa katika tathmini hii kinachotatua hilo.

Lenzi ya mkono ya 10x: nunua hii kwanza

Hukuza mara kumi, inakaa kwenye ufunguo, haihitaji chaji, na inaonyesha karibu kila kitu ambacho mwokotaji anahitaji kukiona. Chagua yenye vioo vitatu vilivyounganishwa. Ile ya kioo kimoja hupinda picha pembeni na kuweka upinde wa rangi kwenye kingo, na kingo ndizo unazozichunguza.

Kosa la kila mtu ni kuishika kama kioo cha mpelelezi, mbali na uso. Iweke karibu na jicho, karibu kugusa kope, kisha leta jiwe mpaka lionekane vizuri. Kwa 10x ni takriban sentimita 2.5. Egemeza mkono wa lenzi shavuni na mkono wa jiwe ugusane nao. Mtetemeko unaisha.

Usidanganywe na namba. Zipo lenzi za bei rahisi zilizochongwa "30x 21mm" ambazo ukweli wake hauko karibu na 30. Hesabu ni rahisi: gawanya 250 kwa ukuzaji, utapata urefu wa fokasi kwa milimita. Ya 10x iwe na milimita 25, ya 20x iwe na 12.5, ya 30x iwe na kama 8. Simama upande wa pili wa chumba mkabala na dirisha, shika lenzi mbele ya karatasi nyeupe, isogeze mpaka taswira ya dirisha itulie kwenye karatasi, kisha pima kutoka katikati ya kioo hadi karatasini. (Usifanye kwa jua, litaichoma karatasi.) Ukipata milimita 25 au 30, umenunua 10x au pungufu, chochote kilichochongwa kwenye chuma. Na hata 20x ya kweli si zawadi kwa anayeanza: lazima jiwe lisogee hadi sentimita moja na kitu kutoka kwenye kioo, mwanga unazibwa na kichwa chako mwenyewe, na sehemu inayoonekana sawasawa ni nyembamba kiasi kwamba uvimbe wa pigo hautoshei ndani yake.

Nusu ya kazi inafanywa na taa. Zima taa ya darini. Chukua tochi ndogo, ilaze karibu usawa wa meza, pembe ya digrii 15 hadi 20, na uizungushe polepole kulizunguka jiwe huku lenyewe limetulia. Chukua mfano wa kibanzi cha basalti chenye urefu wa sentimita 5. Mwanga ukitoka juu, ni jiwe la kijivu lisilo na habari. Ukitoka ubavuni, uvimbe unatupa kivuli chenye umbo la mwezi mchanga, na mawimbi yanajitokeza moja baada ya jingine, ya karibu na pigo yakiwa yamebanana na ya mbali yakiwa mapana. Geuza upande wa mgongo. Kuna matuta mawili yanayokutana. Kila tuta ni mpaka wa makovu mawili. Fuata mawimbi ndani ya kila kovu hadi asili yake. Yakianzia yote kwenye ncha ileile yenye kiuso cha pigo, una mtu aliyepiga mara tatu kutoka sehemu moja akiwa na kusudi. Kila wimbi likitoka kwake, huenda una jiwe lililobiringika tu.

Lenzi hiyohiyo hufichua bandia za mawimbi. Makovu ya mviringo kama vifuniko vya chungu, yenye bonde katikati na yasiyo na mahali pa pigo ukingoni, ni kazi ya moto au barafu: jiwe lilitanuka au kusinyaa, likajirusha kipande. Michirizi ya rangi ya kutu iliyokaa juu ya matuta tu, isiyoingia mabondeni, ni chuma cha plau. Na kovu lenye rangi tofauti na uso wote, bichi, lenye makali yanayokwaruza kucha, ni la juzi.

Hadubini ya USB: si mbaya, ila boksi linadanganya

"1000x" iliyoandikwa kwenye boksi hupatikana kwa kutanua picha kwenye skrini. Pima mwenyewe. Weka rula ya chuma chini ya lenzi, hesabu milimita ngapi zinaenea skrini nzima, kisha gawanya upana wa skrini kwa namba hiyo. Skrini ya milimita 300 ikionyesha milimita 4 za rula, ukuzaji ni 75. Ndiyo kazi halisi ya vifaa hivi, na kwa kumeguka kwa ukingo inatosha sana.

Tatizo kubwa ni duara la taa za LED kuzunguka lenzi. Zinamulika kutoka pande zote kwa pamoja, kila bonde linajaa mwanga, na makovu yote yanakufa. Watu hurudisha hadubini dukani wakisema haionyeshi kitu, kumbe inamulika mno. Punguza taa hizo hadi zizime na tumia tochi ya ubavuni, sawasawa na kwenye lenzi ya mkono. Kama modeli haina kitufe cha kuzima taa, usiinunue. Stendi ya shingo laini nayo ni ya kuepuka, kwa sababu kwa ukuzaji wa 75 kugusa meza tu kunaondoa picha. Tafuta ya nguzo ya chuma yenye gurudumu la kupandisha na kushusha.

Kisha kuna ahadi ya kuona "alama za matumizi", kama jiwe lilikata nyama, majani au ngozi. Hapa boksi linavuka mpaka. Mng'ao wa matumizi husomwa kwa hadubini ya mwanga wa kuakisi, kwa kawaida kati ya 100x na 400x, kwenye jiwe lililosafishwa kimaabara, na kulinganishwa na mawe yaliyotumiwa kwa majaribio. Hadubini ya USB itakuonyesha vikovu vidogo kwenye ukingo na wewe utaviita matumizi. Kukanyagwa na wanyama hutoa vikovu hivyo. Plau hutoa. Hata mfuko ambao mwokotaji alitumbukiza mawe ishirini pamoja hutoa, tena vikovu vizuri vilivyopangika, vya kushawishi kabisa. Ndiyo maana kila jiwe liwe na mfuko wake tangu dakika ya kwanza.

Kalipa, mizani na kipimapembe

Kalipa, kile kipimo chenye meno mawili yanayobana kitu, ikiwa ya plastiki ni bora kuliko ya chuma, jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Meno ya chuma humegua ukingo mwembamba na kuacha mchirizi wa kijivu ambao kesho utauita kitu kingine. Usahihi wa milimita 0.1 unatosha, hakuna anayehitaji 0.01 kwenye jiwe. Urefu wa kibanzi hupimwa kufuata njia ya pigo, kutoka kwenye kiuso kwenda mwisho, hata kama upana umezidi urefu. Ukipima upande mrefu tu na kuuita urefu, vipimo vyako havitalinganishwa na vya mtu yeyote.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu inatosha. Kipimapembe cha kugusa kinasaidia, lakini watu wawili wakipima pembe ya ukingo mmoja watatofautiana kwa digrii kadhaa, kwa hiyo pima mara tatu sehemu tofauti na uandike zote tatu.

Programu za simu

Zimefundishwa kwa picha za miamba na madini, na hapo zina kazi yake: kukuambia hicho cheusi kinachong'aa huenda ni obsidiani si bila faida. Lakini programu inaona upande mmoja, kwa mwanga uliopo. Haiwezi kuligeuza jiwe. Haijui kama makovu ya nyuma yanaanzia ncha moja. Ipige mtihani: jiwe moja, picha nne, pande mbili kwa mwanga wa juu na pande mbili kwa mwanga wa ubavuni. Majina yakibadilika, umeshajua uzito wa ile asilimia.

Zile zinazodai kutambua "vitu vya kale" zina hatari zaidi kwa sababu zinahukumu umbo la nje. Umbo la tone la maji zinaliita shoka la mkono, yaani zana ya kale ya jiwe isiyo na mpini. Mto hutengeneza mawe ya umbo hilo bila kuchoka. Upande mwingine, kibanzi kisicho na umbo lolote, ambacho ndicho kitu kinachopatikana kwa wingi zaidi palipotengenezwa zana, zinakipita kama kokoto. Zifute, au zibaki za kujua jina la mwamba.

Programu za kutengeneza modeli ya pande zote kwa picha ni habari nyingine, na nzuri. Kwa basalti au gumegume isiyong'aa, picha 60 hadi 100 zinazopishana vizuri hutoa modeli ambayo mtaalamu anaweza kuigeuza kwenye skrini yake na kuimulika upande anaotaka. Weka rula ndani ya picha, la sivyo modeli haitakuwa na ukubwa. Obsidiani na kwatzi zinazipiga chenga: mng'ao unahama kila kamera inapohama, na modeli inatoka na mashimo.

Seti za mifano

Kadi zenye michoro ya zana ni za kupendeza na hazifundishi, kwa kuwa huchora vielelezo kamili na wewe hutaokota kielelezo kamili. Nakala za resini zinafundisha makovu ila hazina uzito wala uangavu wa jiwe. Kitu chenye thamani ni mfuko wa vibanzi 20 au 30 vilivyopigwa na fundi wa leo kutoka kwenye mwamba wa aina unayoikuta. Shika kimoja mkono huu, ulichookota mkono ule, tochi katikati. Tia kila kibanzi cha fundi doa la rangi ya mafuta na tarehe, na usikitupe nje kamwe. Kibanzi cha leo kilichotupwa shambani ni mtego kwa mtu wa kesho.

Mafundi wazuri ndio pia chanzo cha bandia. Katika karne ya 19 Edward Simpson, aliyejulikana kama Flint Jack, aliwauzia wakusanyaji na makumbusho ya Uingereza zana za gumegume alizozipiga mwenyewe. Za siku hizi huacha vidokezo vyao, na 10x inaviona: mistari sambamba ya msumeno palipobaki uso wa bapa lililokatwa kwa mashine, mchirizi wa shaba ukingoni kutoka kwenye kifaa cha kukandamizia, au makovu yote kuwa mabichi kwa kiwango kimoja.

Huduma za kutambua kwa picha

Ubora wa jibu unategemea picha kuliko mjibuji. Piga pande sita: nyuso mbili, mbavu mbili, ncha mbili. Mwanga utoke juu kushoto, kama ilivyo desturi ya michoro ya zana za mawe, na uongeze picha moja ya ubavuni ya mahali pa pigo. Usitumie flashi. Rula ya sentimita iwe kwenye kimo cha ukingo wa jiwe, si chini mezani. Ikiwa mezani iko mbali zaidi na kamera na jiwe linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Rudi nyuma nusu mita na uvute kwa zoom, kwa sababu simu ikisogezwa karibu mno hutanua katikati. Andika uzito, aina ya udongo, na kama mengine ya namna hiyo yalikuwa jirani.

Jibu zuri linataja alama: "uvimbe upo, makovu matatu mgongoni kutoka upande mmoja, ukingo wa kulia umemeguliwa upya." Linaweza kuishia "haiwezekani kusema kwa picha", na hilo ni jibu la kulipiwa. Jibu baya hutoa umri. Umbo halibebi tarehe: mashoka ya mkono yalitengenezwa kwa zaidi ya miaka milioni 1.5. Zana za Lomekwi 3, magharibi mwa Ziwa Turkana, hazikupewa miaka milioni 3.3 kwa kutazamwa bali kwa tabaka zilizokuwamo, na hata hivyo zilipigiwa kelele baada ya kutangazwa mwaka 2015. Anayekupa cheti chenye muhuri na umri bila kutaja alama hata moja anauza karatasi. Anayetambua na papo hapo anataka kununua, usimwulize tena.

Huduma bora mara nyingi ni ya bure: idara ya akiolojia ya chuo au makumbusho. Uingereza na Wales zina mpango wa Portable Antiquities Scheme ulioanza mwaka 1997, ambao huandikisha vitu vilivyookotwa na raia, gumegume zikiwemo. Kabla ya kwenda huko soma sheria ya nchi ulipo. Katika nchi nyingi kuondoa kitu cha kale mahali pake ni kosa hata kama kilikuwa juu ya ardhi, na inatosha kupeleka picha yenye rula pamoja na namba za mahali za GPS, jiwe likibaki pale pale. Lililokwisha kuchukuliwa usilisugue, usilitie siki wala asidi, usilijaribu kwenye chuma. Uchafu uliong'ang'ania ukingoni unaweza kuwa na mabaki ya mmea ambayo maabara ingeyasoma.

Na andika mahali, siku hiyohiyo, kwenye karatasi ndani ya mfuko. Jiwe lenye picha nzuri kuliko zote likifika bila mahali, mtaalamu atakuandikia: kibanzi, basalti, kilipigwa kwa jiwe gumu. Barua inaishia hapo.